Kifuniko cha fyuzi cha kujitengenezea: tyubu, chupa ya soda au polikaboneti?

*"Fundi, nina Volkswagen Beetle ya 1972, injini ya 1300, niliyoachiwa na babu yangu. Naishi Kisumu na kila siku naiendesha hadi Ahero kazini. Kifuniko cha boksi la fyuzi chini ya dashibodi kilipasuka zamani, na fyuzi zote 12 ziko wazi. Wiki jana funguo za nyumba ziliniponyoka zikaangukia pale. Nikaona cheche na harufu ya kuungua ikatoka, na gari lilikuwa limezimwa! Fundi wa mtaani anataka kunifunikia kwa tyubu ya baiskeli na gundi. Jirani anasema nikate chupa ya soda. Mwingine kaniambia kopo la mafuta ya kupikia ndilo zuri kwa sababu haliungui. Mvua ikinyesha naona unyevu hapo kwenye fyuzi. Tena fyuzi ya taa kubwa ya kushoto ilikuwa inapata moto na iliungua mara tatu, hadi fundi akaweka nyekundu badala ya nyeupe, na tangu hapo haijaungua. Ningependa kujitengenezea kifuniko. Nitumie nini, na je, kitazuia fyuzi kuungua?"*

Pole kwa ile cheche, na hongera kwa kuliweka gari la babu barabarani badala ya kufuga kuku ndani yake. Kifuniko unaweza kujitengenezea, si kazi ngumu, na nitakueleza namna. Lakini kabla hujashika msumeno, toa ile fyuzi nyekundu leo hii. Kati ya yote uliyoniandikia, hiyo ndiyo iliyonishtua zaidi, kuliko hata funguo. Nitaifikia.

Tuanze na cheche, kwa sababu wengi huamini kwamba gari likizimwa umeme wote umelala, na kwamba kama kuna fyuzi basi hakuna hatari. Yote mawili si kweli. Kwenye Beetle betri iko chini ya kiti cha nyuma. Kutoka huko umeme unakuja mbele hadi kwenye boksi la fyuzi kwa waya ambao katikati yake hakuna fyuzi yoyote. Sehemu zinazopokea umeme huo moja kwa moja zina namba 30 kwenye michoro ya Wajerumani, na ziko hai mchana na usiku, ufunguo uwe ndani au mfukoni. Si fyuzi zote 12 ziko hivyo. Nyingine huamka ukiwasha gari, nyingine ukiwasha taa. Ila kwa macho huwezi kuzitofautisha, na funguo zako zilichagua mahali pabaya.

Fyuzi hulinda kile kinachokuja baada yake. Haiwezi kulinda kilicho kabla yake. Funguo zilipogusa chuma cha upande wa kuingilia, na upande wa pili zikagusa bodi ya gari, umeme ulipata njia ya mkato kurudi betri bila kupita kwenye fyuzi hata moja. Betri ya gari dogo kama hili, ikipigwa shoti, hutoa mamia ya ampea kwa sekunde hizo chache. Bahati yako zilidunda zikaanguka. Zingenasa pale, waya ungekuwa mwekundu kabla hujafika kwenye betri. Na kumbuka tangi la petroli la Beetle liko mbele, chini ya boneti, ng'ambo tu ya ukuta wa dashibodi. Kwa hiyo ukiniuliza kama kifuniko ni urembo, nakujibu kwamba kwa upande huo wa boksi ndicho ulinzi pekee ulio nao.

Halafu angalia fyuzi zenyewe. Chomoa moja (ukishatoa waya wa betri, tafadhali) uiweke kiganjani. Ni kijiti cha kauri cha urefu wa milimita 25 hivi, ncha zake zimechongoka, na utepe mwembamba wa chuma umepita *nje* ya kauri, kwenye mfereji mdogo, kutoka ncha hadi ncha. Fyuzi za kisasa za vijino zimefichwa ndani ya plastiki yake, na za bomba zimefichwa ndani ya kioo. Hizi zako zinaishi wazi. Utepe ukiyeyuka, tone la chuma cha moto linaweza kuruka likaanguka kwenye zulia au kwenye goti lako. Kifuniko hulikamata tone hilo. Huzuia pia vumbi, ncha ya mwavuli, sarafu, na vidole vya mtoto aliyekaa mbele.

Lakini kuzuia fyuzi isiungue, hapana. Kifuniko hakigusi umeme unaopita. Fyuzi ikiungua, sababu iko ndani ya saketi au kwenye mshiko wa fyuzi, na ukifunika boksi lenye tatizo umefunika tatizo tu. Tena utakuwa umelipunguzia hewa.

Sasa hiyo nyekundu. Rangi za fyuzi hizi si mapambo: njano ni ampea 5, nyeupe 8, nyekundu 16, bluu 25. Fundi wako alipotoa nyeupe akaweka nyekundu, aliongeza kipimo maradufu. Waya unaoenda kwenye taa ya kushoto haukuongezeka unene. Fyuzi imewekwa pale kwa ajili ya waya, ili ukizidiwa, kitu cha bei ya chini kife kwanza mahali unapokiona. Ukiweka kubwa, waya ndio unaokuwa fyuzi, na waya unapita nyuma ya dashibodi na kando ya tangi. "Tangu hapo haijaungua" ni habari mbaya. Kilichokuwa kinaiunguza nyeupe bado kipo, ila sasa hakuna kinacholalamika.

Kwa nini nyeupe ilikuwa inaungua? Fanya hesabu ya darasa la fizikia. Taa ya asili ya Beetle ya miaka hiyo ni wati 45 kwa mwanga mrefu na 40 kwa mfupi. Wati 45 ukigawanya kwa volti 12 unapata ampea 3.75. Fyuzi ya 8 haitakiwi hata kutoa jasho. Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kushuku. Huenda kuna mtu aliweka balbu ya wati 100, ambazo watu hupenda kununua kwa ajili ya barabara za giza. Hiyo inakula zaidi ya ampea 8 peke yake. Au waya umechubuka mahali na unagusa bodi mara kwa mara, hasa pale unapopita kwenye tundu la bamba bila mpira wake. Au, na hii ndiyo ninayoiona mara nyingi kuliko zote, mshiko wa fyuzi umelegea na kuota kutu.

Hili la mshiko nataka ulielewe vizuri, maana ndilo linaloua vifuniko vya Beetle nyingi. Ncha ya fyuzi hukaa kwenye kitundu cha bamba lenye springi. Likiwa safi na limekaza, umeme unapita kwenye eneo la kutosha. Likiingia kutu au springi ikichoka, unabaki mgusano wa kidoa kidogo tu. Ni kama soko la Kibuye siku ya Jumapili umati wote ulazimishwe kutokea kwenye mlango mmoja: idadi ya watu ni ileile, ila hapo mlangoni joto linapanda. Kwa namba: kama kwenye mshiko unapoteza volti 0.5 huku ampea 8 zikipita, hizo ni wati 4 za joto, zote zikiishia kwenye ncha ya chuma isiyofika milimita 3. Fyuzi hukatika kwa joto. Haijui kama joto hilo limetokana na umeme mwingi au na mshiko mbovu, hivyo inakatika hata kabla ya kufika kipimo chake. Na joto hilo ndilo linalofanya plastiki ya boksi iwe ya kahawia na kifuniko kijikunje. Ninashuku kwamba hata kile cha zamani hakikupasuka kwa uzee peke yake.

Kuna kipimo unachoweza kufanya mwenyewe ukiwa na mita ya umeme ya bei ya chini. Washa taa kubwa, weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), kipimo kidogo, kisha gusisha waya mmoja wa mita kwenye ulimi wa chuma unakoingilia waya wa gari, na wa pili kwenye ulimi wa kutokea, upande wa pili wa fyuzi hiyohiyo. Mshiko mzuri utaonyesha chini ya volti 0.1. Ukiona 0.3 na kuendelea, safisha. Kumbuka kwamba kipimo hiki hufanywa umeme ukiwa hai, kwa hiyo vua pete na saa ya chuma, na shika ncha za mita kwa uangalifu. Pete iliyounganisha namba 30 na bodi huacha alama kidoleni kwa maisha.

Kusafisha ni hivi: toa kwanza waya wa betri uliofungwa kwenye bodi. Kwenye Beetle yako ni upande wa hasi. Chomoa fyuzi moja, pitisha msasa laini kwenye vitundu vya mabamba kwa wepesi, usikwangue hadi ukaondoa rangi yote ya fedha iliyopakwa juu yake. Kunja bamba kidogo kuelekea ndani kwa koleo jembamba ili springi ibane tena. Rudisha fyuzi, izungushe kwa vidole mara kadhaa mahali pake, ncha zijisugue zenyewe. Ukitaka kupaka mafuta ya mgando kidogo kwa nje kuzuia unyevu wa ziwa, sawa. Fanya moja baada ya nyingine ili usichanganye rangi.

Na ununuapo fyuzi mpya, uzipime kwa ukucha. Kuna za mwili wa plastiki na utepe wa alumini. Hizo kwangu ni takataka: mwili unalainika kwa joto, fyuzi inafupika, springi inakosa cha kubana, joto linaongezeka, na alumini iliyokutanishwa na shaba kwenye unyevu huoza haraka. Tafuta za kauri zenye utepe wa shaba. Hata kuukuu za kauri ni afadhali. Ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na nyuzi za waya zilizoviringishwa kwenye fyuzi iliyoungua, naomba tusizijadili.

Umetaja unyevu. Kabla hujalaumu mvua ya jioni ya Kisumu, fungua boneti ya mbele utazame chupa ya maji ya kuoshea kioo. Wajerumani hao walikuwa na maajabu yao: maji ya kuoshea kioo kwenye Beetle husukumwa na upepo wa gurudumu la akiba! Kutoka kwenye chupa, bomba jembamba la mpira linapita hadi kwenye swichi ya waipa, maana vali ya kufungulia maji iko pale pale swichini. Maana yake ni kwamba kuna bomba la maji lenye presha, la umri wa miaka zaidi ya 50, juu ya nyaya zako. Likipasuka tone kwa tone, maji yanafuata nyaya hadi kwenye boksi. Kama hutumii mfumo huo, chomoa bomba la upepo kutoka gurudumu la akiba na umwage maji. Ukiutumia, badilisha bomba lote. Halafu mwambie mtu amwagie maji kwenye kioo cha mbele wewe ukiwa ndani na tochi, uone kama raba ya kioo inapitisha. Kifuniko cha fyuzi si mwavuli. Maji yanayofuata waya yataingia tu.

Sasa tuje kwenye vifaa ulivyoshauriwa.

Tyubu ya baiskeli nakataa. Watu husema mpira haupitishi umeme, na kwa mpira safi ni kweli. Lakini mpira mweusi wa tyubu umejazwa masizi ya kaboni ili uwe imara, na kaboni hupitisha umeme. Kiasi gani, inategemea tyubu na tyubu, na huwezi kujua kwa kuitazama. Pia mpira huo umepikwa kwa salfa, na salfa huifanya shaba iwe nyeusi, jambo ambalo ndilo tunalolikimbia. Ongeza gundi inayowaka na mpira unaowaka, uvibane juu ya mahali penye joto. La hasha.

Chupa ya soda haipitishi umeme, na kwa wiki moja itakufaa. Tatizo lake ni kwamba plastiki hiyo huanza kulegea karibu nyuzi 70 za Selisiasi. Chini ya dashibodi jua halipigi moja kwa moja, lakini gari lililoegeshwa mchana kutwa Ahero, likiongezewa joto la fyuzi, halipo mbali na hapo kwa kiasi cha kunipa amani. Tena ni nyembamba. Goti lako likiisukuma, inabonyea hadi kwenye chuma. Vijana wenye mashine za kuchapa vitu vya plastiki nao waulize wanatumia nini: ile plastiki yao ya kawaida, PLA, hulegea karibu nyuzi 60, mapema kuliko hata chupa.

Kopo ni kweli haliungui. Ila ni chuma. Siku litakapoteguka litafanya kazi ileile zilizofanya funguo zako, kwa upana wa fyuzi zote 12. Hata ukilipaka rangi au kulivika tepu, ukingo mkali wa bati utapenya. Na tepu ya umeme kwenye joto hili huachia, ikabaki gundi nyeusi ya kunata.

Kifuniko cha kopo la plastiki la aiskrimu au majarini kina afadhali. Mengi ya makopo hayo ni polipropilini, inayoyeyuka karibu nyuzi 160. Tazama chini yake, ukiona namba 5 ndani ya pembetatu ndiyo yenyewe. Inawaka ikishikwa na moto, kwa hiyo kwangu ni ya muda, ukisubiri kitu bora. Lakini kwa leo usiku kikate, kifunge, ulale.

Kitu bora ni polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, ubao wa milimita 2. Hulegea karibu nyuzi 147, ni ngumu kupasuka, inapitisha mwanga ili uone fyuzi iliyoungua bila kufungua, na ikitolewa kwenye moto kwa kawaida hujizima. Usinunue ubao mzima. Nenda kwa watengeneza mabango, Kisumu wako wengi, uombe kipande kilichobaki. Shida ni moja: watakupa perspeksi (akriliki, plastiki nyingine ya uwazi) wakiiita polikaboneti, au kinyume chake, bila ubaya wowote, maana zinafanana kabisa. Zitofautishe hivi. Omba ukanda mwembamba na uukunje kwa koleo. Perspeksi inakatika *pwa!* na kutoa ncha kali, polikaboneti inakunjika na kubaki imekunjika. Kama bado una shaka, toka nje uwashe kipande kidogo ukikishika kwa koleo. Perspeksi inawaka kama mshumaa bila kuchoka, na harufu yake ina utamu wa matunda. Polikaboneti inatoa masizi meusi na ukiiondoa kwenye moto inafifia. Usivute moshi huo, na usifanye jaribio hili karibu na gari.

Kutengeneza: kata kwanza umbo kwa karatasi ngumu ya boksi, ulijaribu kwenye gari hadi likae. Unataka umbo la mfereji, uso mmoja na mbavu mbili, ya juu na ya chini. Hakikisha uso wake uko juu ya chuma kilichochomoza zaidi kwa milimita 10 angalau, na kwamba ukiusukuma kwa gumba kwa nguvu haugusi kitu. Kipimo hicho cha gumba nakiamini kuliko rula. Hamishia umbo kwenye polikaboneti bila kubandua ile karatasi yake ya juu, kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, lainisha kingo kwa tupa kisha msasa.

Kukunja hakuhitaji moto. Wengi hukimbilia jiko au mshumaa, na polikaboneti ikipashwa moto hivyo hutoa mapovu kwa sababu hubeba unyevu ndani yake. Ibane kwenye jiliwa katikati ya mbao mbili ngumu zenye ukingo wa duara kidogo, weka ubao wa tatu juu, usukume polepole. Pitiliza pembe mraba kidogo kwa sababu inajirudisha. Ukipitiliza vizuri, mbavu zitaegemea ndani na kulikumbatia boksi, na hutahitaji skrubu wala gundi. Toboa kitundu pembeni, mbali na ukingo, upitishe uzi wa nailoni ufunge kwenye nyaya za karibu, kifuniko kisipotee mikononi mwa fundi atakayekuja baada yangu na yako.

Acha miisho yote miwili wazi. Najua utashawishika kuziba, hasa ukifikiria unyevu na vumbi, lakini boksi lililozibwa kabisa hufungia joto na jasho ndani. Unachotaka ni paa na kuta, mlango uwe wazi kwa hewa, na maji yakiingia yapate pa kutokea. Kama lazima uzibe mahali, mathalani tundu kwenye bamba, usitumie silikoni inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi inayotoka ikikauka, nayo hula shaba. Kuna silikoni isiyo na asidi, uliza kwa jina hilo. Na polikaboneti ioshe kwa maji ya sabuni tu. Petroli na dawa za kusafishia breki huitia nyufa ndogondogo ambazo siku moja huipasua.

Ndani ya kifuniko bandika karatasi ndogo: namba ya fyuzi, rangi yake, inalinda nini. Iandike kwa kalamu ya risasi, haififii kwa jua. Kisha jaribu: rudisha betri, washa injini na taa kubwa dakika 20, gusa uso wa kifuniko. Uvuguvugu si kitu. Kama kidole hakivumilii, toa kifuniko urudi kwenye mshiko, usitafute plastiki ngumu zaidi.

Je, kununua si bora? Kwa kweli ni rahisi. Beetle ni gari ambalo vipuri vyake vinatengenezwa mpaka leo, na vifuniko vya mfano wa asili vinaagizwa kutoka nje. Hakikisha tu umehesabu fyuzi, maana kuna maboksi ya idadi tofauti na kifuniko cha moja hakikai kwenye jingine. Kama una nia ya kulipeleka gari kwenye mashindano ya umaridadi kama yale ya Concours ya Nairobi, nunua cha asili. Njia nyingine ni kung'oa boksi zima na kuweka la fyuzi za vijino. Kiusalama ndiyo njia ninayoipenda kwa gari la kazi ya kila siku, ila ni kazi ya siku nzima kwa fundi anayesoma mchoro, na ikifanywa ovyo utatamani matatizo yako ya zamani. Kwa gari la babu, lenye boksi zima na mshiko unaosafishika, mimi ningebaki na la asili na kifuniko cha polikaboneti.

Wenye Land Rover za zamani na magari mengine ya Kiingereza wataniuliza, kwa hiyo kwa kifupi: fyuzi ya Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme wa magari, iliyoandikwa 35 hubeba ampea 17 kwa mfululizo, 35 ni pale inapokatika. Fyuzi za vioo za mtindo wa Kimarekani zenye 35 hubeba karibu zote 35. Ukibadilisha moja kwa nyingine kwa kusoma namba tu, umefanya lilelile la fyuzi nyekundu. Na nyingi za magari hayo, bodi imefungwa kwa chanya, ndiyo maana nasema toa waya *uliofungwa kwenye bodi*, sisemi hasi.

Kuna kifuniko kingine ambacho hukuniuliza. Inua kiti cha nyuma. Beetle ilitoka kiwandani na kifuniko juu ya betri, na nyingi sasa hazina. Springi za kiti ni chuma, ziko juu ya vichwa vya betri, na kati yake ni nyuzi kavu za kiti kikuukuu. Abiria wawili wazito, bonde moja la barabara, springi inagusa chanya, na nyuzi zinashika moto chini ya makalio ya watu. Kama una jioni moja tu na kipande kimoja cha polikaboneti, anzia huko, au weka kipande cha mpira mzito usio wa tyubu, kilichofungwa kisiteleze. Chagua pia betri fupi inayotoshea. Betri ndefu iliyolazimishwa ni hatari hata ikiwa na kifuniko.

Nenda kwa fundi wa umeme wa magari, ana kwa ana, kama ukirudisha fyuzi nyeupe itakatika tena baada ya kusafisha na balbu ni ya kawaida. Hapo kuna waya uliochubuka, na kuutafuta kwa kubahatisha kunachoma gari. Nenda pia ukiona plastiki ya boksi imegeuka kahawia au imelainika, ukikunja waya na ganda lake linavunjika kama biskuti, au ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari. Kwa hilo la petroli usiwashe hata taa. Toa waya wa betri, lisukumeni gari nje, muite fundi aje alipo. Nunua na kizimamoto cha poda cha kilo 1, kikae mbele karibu na mkono wako. Maji usitegemee. Kasha la injini ya Beetle ni la aloi ya magnesi, na magnesi ikishika moto, maji huichochea.

Na fundi akifika, mwambie kwanza apime kwa mita kwenye ile fyuzi ya taa ya kushoto, taa zikiwa zimewaka, mbele ya macho yako, kabla hajafungua kitu. Akikwambia hana haja ya mita, tayari ana fyuzi ya bluu mfukoni. Mshukuru na utafute mwingine.